Gari langu limeanza kula mafuta: nianze kurekebisha lipi?

"Nina gari dogo la petroli lenye umri wa miaka 12, injini ya lita 1.5, gia otomatiki. Nilipolinunua lilikuwa likinipa kilomita 14 kwa lita moja, lakini kwa miezi minne sasa naona mshale wa mafuta unashuka haraka, na nakadiria kwamba sifikishi hata kilomita 10. Nimebadilisha kazi, kwa hiyo siku hizi naendesha kilomita 6 kwenda na 6 kurudi, mara nyingi kwenye foleni, na mara chache mwisho wa juma natoka kwenye barabara kuu. Fundi wangu anataka kubadilisha plagi, kuosha nozo na kufunga kifaa cha sumaku kwenye mpira wa mafuta. Rafiki yangu ananiambia niweke nyutro kila penye mteremko, nizime AC kabisa, nijaze mafuta alfajiri na nitumie petroli ya oktani ya juu. Kuna jambo jingine ambalo sijui kama lina maana: mshale wa joto la injini, ambao zamani ulikuwa ukisimama katikati, siku hizi unabaki chini, na nikiwa barabara kuu hushuka zaidi. Pia keria bado iko juu ya gari tangu nilipohama nyumba. Fedha niliyonayo inatosha jambo moja au mawili tu. Nianze na lipi?"

Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho. Umeutaja ushauri wa fundi na wa rafiki kama mambo makubwa, kisha ukatupia mshale wa joto na keria kana kwamba ni vijimambo vya pembeni. Kwangu mimi hivyo viwili, pamoja na habari ya kubadilisha kazi, ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya jibu. Hofu yako, kama nimeielewa vyema, ni kwamba injini imechoka na kwamba usipotoa fedha sasa utaendelea kuipoteza kidogo kidogo kwenye kituo cha mafuta. Inawezekana kabisa kwamba injini ni nzima, na kwamba hizo plagi na nozo hazina kosa lolote.

Tuanze na kipimo, kwa sababu hadi sasa hatuna. Mshale wa mafuta haupimi lita. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya petroli, na tangi lenyewe halina umbo la sanduku, hivyo nusu ya juu ya mshale na nusu ya chini hazilazimiki kuwa na lita sawa. Magari mengi hukaa muda mrefu kwenye "imejaa" kisha yakaporomoka ghafla, na mwenye gari akadhani petroli inavuja. Fanya hivi: jaza tangi hadi bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza, bila kuendelea kushindilia, rudisha mita ndogo ya safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako mpaka ibaki robo tangi, kisha jaza tena, ikiwezekana kwenye pampu ileile na gari likiwa limeelekea upande uleule. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizotia. Mita ikisoma 312 na pampu ikiwa imetoa lita 29.7, umepata kilomita 10.5 kwa lita. Tangi moja peke yake linaweza kudanganya, kwa hiyo rudia mara mbili au tatu na uandike.

Tuchukulie kwamba makadirio yako yatathibitika. Kutoka kilomita 14 hadi 10 kwa lita maana yake ni kwamba safari ya kilomita 100 iliyokuwa ikimaliza lita 7.1 sasa inamaliza lita 10. Hilo ni ongezeko la asilimia 40, na plagi zilizochakaa kiasi haziwezi kulileta bila dalili nyingine: gari lingetetemeka, lingekosa nguvu mlimani, na taa ya injini ingewaka kwenye dashibodi. Hukutaja hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo tuangalie kilichobadilika miezi minne iliyopita, nacho ni safari zako.

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini inapowashwa baada ya kulala usiku kucha, kuta zake za ndani ni baridi, na sehemu ya petroli inayopulizwa na nozo hujishikiza kwenye kuta hizo ikiwa matone badala ya kugeuka mvuke. Kompyuta ya gari inalijua hilo, nayo hufidia kwa kuongeza petroli kupita kiwango cha kawaida hadi joto lipande. Wakati huohuo oili ya injini na ya gia bado ni nzito, kwa hiyo kila kinachozunguka kinazunguka kwa shida. Safari ya kilomita 30 huigawa gharama hiyo ya mwanzo kwenye kilomita nyingi, nayo haionekani. Safari ya kilomita 6 hutembea sehemu kubwa ya njia katika hali hiyo, halafu gari hulala, hupoa, na jioni mambo huanza upya. Ongeza foleni: injini ndogo ya petroli inayounguruma bila kwenda popote huweza kutumia kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa, zaidi ya hapo AC ikiwa imewashwa, na muda wote huo mita ya kilomita haisogei. Kwa hali hiyo hata gari lililotoka kiwandani leo lisingekupa kilomita 14.

Lakini safari fupi hazielezi kwa nini mshale wa joto unashuka ukiwa barabara kuu. Hapo ndipo ninapoishuku thamostati, na naomba univumilie niieleze kwa kirefu, kwa sababu ni kifaa kidogo kinachodharauliwa sana.

Thamostati ni vali iliyowekwa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna kidonge cha nta. Injini ikiwa baridi nta ni ngumu na vali imefungwa, hivyo maji huzunguka ndani ya injini tu na kupata joto upesi. Joto likifika takriban nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, kutegemea gari, nta huyeyuka, hutanuka na kuisukuma vali ifunguke, na maji huanza kupitia kwenye rejeta ili yapozwe. Kwa hiyo kazi ya thamostati si kupoza injini peke yake. Ni kuilinda pia isipoe kupita kiasi. Ikikwama ikiwa imefungwa, injini huchemka, na kila mtu hukimbilia gereji. Ikikwama ikiwa wazi, hakuna kelele wala moshi wa kutisha: maji hupitia kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini hukawia kupata moto, na ukiwa barabara kuu upepo unaoingia kwa mbele huipoza rejeta hata mshale unashuka. Ndiyo hali uliyoieleza, karibu neno kwa neno.

Matokeo yake kwenye mafuta ni haya. Kompyuta inayosoma kwamba maji yako kwenye nyuzi 60 huamini kwamba injini bado inaamka, na inaweza kuendelea kuongeza petroli ya mwanzo kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa. Katika magari mengi ya otomatiki, kompyuta pia hukataa kuingiza gia ya juu kabisa, au kuifunga klachi ya ndani ya gia inayozuia utelezi, mpaka injini ipate joto. Hivyo injini huzunguka kasi zaidi kwa mwendo uleule. Hasara hizo zikijumlishwa na safari ya kilomita 6, sioni ajabu kwamba mshale wa mafuta unakukosesha raha.

Unaweza kuichunguza mwenyewe kabla ya kumlipa mtu. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua boneti, iwashe, na ushike mpira mnene wa juu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, mkono na nguo vikiwa mbali na feni na mikanda. Thamostati ikiwa nzima, katika magari mengi mpira huo hubaki wa baridi kwa dakika kadhaa huku mshale ukipanda, kisha hupata moto kwa ghafla, vali inapofunguka. Mpira ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, sambamba na injini, vali iko wazi. Kuna magari ambayo thamostati imewekwa upande wa mpira wa chini, na kwa hayo jaribio hili halitoi jibu safi. Hapo fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari na kuangalia joto la maji baada ya dakika 15 za kuendesha. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile, kwani maji yaliyobanwa humo huruka na kuunguza vibaya.

Muulize fundi wako pia swali moja bila kumshutumu: je, thamostati ipo? Mafundi wengi, gari likiwahi kuchemka mara moja, huing'oa na kuitupa wakiamini wamemsaidia mteja. Nimefungua injini nyingi nikakuta nyumba ya thamostati ni tupu. Gari kama hilo haliwezi kudhibiti joto lake, na mwenyewe hushangaa miaka yote kwa nini linakula kuliko la jirani yake. Sasa, ni kweli kwamba mshale unaweza kubaki chini kwa sababu nyingine, hasa sensa ya joto iliyoharibika, ambayo huidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi ilhali ni ya moto. Ndiyo maana napendelea mpira ushikwe au kompyuta isomwe kabla ya kununua chochote; thamostati na sensa zote mbili kwa kawaida ni vipuri vya bei ya chini, lakini hakuna sababu ya kununua kisichohitajika.

Nirudi kwa fundi wako. Plagi zina umri wake, nao umeandikwa kwenye kitabu cha gari: za kawaida huisha mapema, za iridi huweza kuvuka kilomita 100,000. Zikiwa zimepita umri wake, zibadilishe, kwani cheche ikikosa kuwasha, petroli mbichi huishia kwenye ekzosi na kukiharibu kisafisha moshi ambacho ni ghali kupita plagi zote. Kama hujui zina umri gani, azifungue na akuonyeshe: ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya injini inayoungua vizuri, na ncha nyeusi yenye masizi makavu inasema mafuta ni mengi kuliko hewa, jambo ambalo katika gari lako huenda limeletwa na ubaridi wenyewe. Ukiweka plagi mpya kwenye injini inayomiminiwa mafuta kupita kiasi, baada ya miezi michache nazo zitakuwa nyeusi. Kuosha nozo kunafaa pale kipimo kinapoonyesha kwamba mojawapo inavuja au imeziba. Kuosha kwa kubahatisha sikukatazi, ila sikukuweka kwenye jambo la kwanza wala la pili.

Hata kichujio cha hewa, ambacho watu wengi hukitaja kwanza, hakistahili sifa zote kinazopewa. Katika magari ya zamani ya kabureta, kichujio kilichoziba kilipunguza hewa huku petroli ikiendelea kuvutwa, na mafuta yalipotea kweli. Gari la nozo hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli kulingana nayo. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ililipima jambo hili na kukuta kwamba kichujio kilichoziba kwenye magari ya aina hii hakibadilishi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kinachopungua ni uchapukaji wa gari unapokanyaga. Kibadilishe kikichafuka, kwa afya ya injini, bila kutegemea muujiza kwenye tangi.

Sumaku ikatae. Molekuli za petroli haziathiriwi na sumaku kwa namna inayobadilisha uunguaji, na injini yenyewe tayari inaunguza karibu petroli yote inayoingia. Hasara kubwa iko kwenye joto linalotoka kupitia ekzosi na rejeta, mahali ambapo sumaku kwenye mpira wa mafuta haifiki. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na havikuleta nafuu ya maana. Fundi anayekuuzia sumaku si lazima awe tapeli, huenda naye ameuziwa maneno hayo, lakini ningeanza kumchunguza zaidi anaponiambia kwamba nozo zinahitaji kuoshwa.

Ushauri wa nyutro ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu unaweza kuua. Wanaoutoa huwaza hivi: mizunguko ya injini ikishuka, mafuta nayo yanapungua. Kwa gari la nozo ni kinyume. Unapoachia kanyagio la mafuta ukiwa kwenye D, yaani gia ya kwenda mbele, na gari likiwa na mwendo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata petroli kabisa. Nozo hazipulizi hata tone mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya gari lililosimama. Ukiweka nyutro, umetenganisha injini na magurudumu, nayo lazima ipewe petroli ili isizime. Kwa hiyo kwenye mteremko unaotaka kupunguza au kudhibiti mwendo, D yenye mguu uliotulia haitumii chochote, na nyutro inatumia. Zaidi ya hayo umejinyima msaada wa injini katika kulizuia gari, breki zinabeba mzigo wote, na katika mteremko mrefu hupata moto hadi zikalegea. Wanaokwenda mbali zaidi na kuzima injini wakiwa kwenye mwendo hupoteza msaada wa breki na wa usukani, na ufunguo ukigeuzwa vibaya usukani hujifunga. Hakuna akiba ya petroli inayolingana na hilo.

Sasa tufike kwenye mguu wako, ambako hakuhitaji fedha. Katika nishati yote iliyomo kwenye petroli, takriban robo tu, na mjini mara nyingi chini ya hapo, ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Hicho kidogo kinachofika hutumika kushinda upepo, kushinda msuguano wa matairi, na kulipa gari mwendo. Ule mwendo ni mali uliyokwisha kuilipia. Unapokanyaga breki unaigeuza kuwa joto kwenye diski, na ukitaka kuondoka tena unainunua upya. Tupige hesabu: gari la kilo 1,200 likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya kilojuli 167 hivi. Lita ya petroli ina takriban megajuli 32, na tukichukua kwamba robo yake inafika kwenye magurudumu, kuupata mwendo huo kunagharimu karibu mililita 20. Ni vijiko vinne vya chai. Kila unaposimama kabisa kutoka kilomita 60 kwa saa, chukulia kwamba umevimwaga vijiko hivyo barabarani. Ukifanya hivyo mara 50, lita moja imekwenda.

Ndiyo maana, nikipanda gari la mtu anayelalamika kuhusu mafuta, huiangalia taa ya breki kupitia macho ya aliye nyuma yetu. Taa mbele imekuwa nyekundu, mita 200 mbele, kila mtu anaiona. Dereva anaendelea kukanyaga mafuta hadi mita 40 za mwisho, kisha anabana breki. Mwingine kwenye taa hiyohiyo anaachia mguu mapema, gari linaserereka likiwa kwenye D bila kutumia tone, na mara nyingi anaifikia taa ikiwa imegeuka kijani, anapita bila kusimama. Wote wawili wamefika kwa wakati mmoja. Katika foleni acha nafasi ya magari mawili hivi mbele yako na uruhusu gari lijikokote lenyewe, badala ya kuruka na kubana, kuruka na kubana. Watakuingilia mbele, najua. Waache, kwani anayekuingilia anakuchelewesha sekunde tatu. Kuondoka kwenye taa hakuhitaji unyonge uliopitiliza pia: kanyaga kwa upole lakini kwa uthabiti, upate mwendo unaoutaka, kisha punguza mguu ili gia ya juu iingie mapema.

Barabara kuu ina kanuni yake, nayo ni upepo. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 120, umeongeza mwendo kwa asilimia 20 lakini upinzani umeongezeka kwa asilimia 44. Katika safari ya kilomita 100 unaokoa dakika 10 tu kwa gharama hiyo. Na hiyo keria, tafadhali ivue leo. Hata ikiwa tupu inavuruga njia ya hewa juu ya paa, na ikifungwa sanduku kubwa hasara hupanda hadi asilimia 10 na zaidi kwenye mwendo wa barabara kuu. Kuivua ni kazi ya spana moja na nusu saa.

AC huendeshwa na injini kupitia kompresa, kwa hiyo inakula kweli, na inakula zaidi katika safari fupi za jua kali, wakati inapohangaika kupoza gari lililookwa kutwa. Kuizima kabisa si lazima. Gari likiwa limesimama juani, fungua milango au vioo dakika moja hewa ya moto itoke, ndipo uiwashe. Katika mwendo wa mjini, hali ya hewa ikiruhusu, vioo vilivyo wazi vinatosha. Kwenye mwendo mkubwa vioo wazi navyo vinaongeza upinzani wa hewa, basi funga na uitumie kwa kiasi.

Kujaza alfajiri: petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, lakini matangi ya vituo yamezikwa ardhini ambako joto halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana. Lala usingizi wako. Oktani nayo ni uwezo wa petroli kupinga kujilipua kabla ya wakati, si kiasi cha nguvu iliyomo. Injini iliyoundwa kwa oktani ya kawaida haina la kufanya na ile ya ziada. Fuata kilichoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi au kwenye kitabu cha gari.

Matairi na breki vinahitaji maneno machache zaidi. Upepo ukipungua, tairi hubonyea na kujikunja zaidi kila linapozunguka, na kukunjwa huko hugeuka joto. Hasara kwenye mafuta si kubwa kama inavyosimuliwa: makadirio ya Idara ya Nishati ya Marekani ni asilimia 0.2 kwa kila PSI moja (kipimo cha upepo wa tairi) iliyopungua kwenye matairi yote, hivyo matairi yaliyotakiwa kuwa na 33 yakiwa na 25 yanakupotezea asilimia 1.6 hivi. Hata hivyo tairi legevu hupasuka na huchelewesha kusimama, basi pima kila mwezi, matairi yakiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochorwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu, usiifuate.

Breki iliyokamata ni mwizi mkubwa kuliko tairi. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilibadilisha nozo zote nne za gari la mteja aliyekuwa na lalamiko kama lako, na baada ya wiki mbili akarudi likila vilevile. Fundi mzee aliyenifundisha hakusema neno. Aliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, akalizungusha kwa mkono, likasimama kabla ya kumaliza nusu mzunguko. Mteja alikuwa akiendesha breki ikiwa imefungwa nusu. Baada ya safari yako ya barabara kuu, simama bila kubana breki kwa nguvu, kisha usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, gari liende gereji siku hiyohiyo, mafuta au hakuna mafuta.

Kwa fedha yako, basi, mpangilio wangu ni huu. Vua keria, jaza upepo, kagua joto la rimu na upime tangi la kwanza. Hayo hayakugharimu kitu. Fedha ya kwanza iende kwenye kuthibitisha na kubadilisha thamostati, pamoja na kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ya aina iliyoelekezwa kwa gari lako, si maji ya bomba. Ikibaki fedha ya jambo la pili, itumie kusomesha kompyuta ya gari kwa fundi anayekuonyesha namba kwenye kioo cha mashine, hasa joto la maji na usomaji wa sensa ya oksijeni, ambayo ikifa inaweza kumwaga mafuta mengi bila gari kuonyesha udhaifu mwingine. Plagi na nozo zisubiri ushahidi. Usisubiri chochote, na usiendelee kuendesha, ukisikia harufu ya petroli mbichi, taa ya injini ikianza kumeta badala ya kuwaka tu, au mshale wa joto ukigeuka na kupanda kuelekea kwenye nyekundu.

Thamostati ikishawekwa, panga safari moja ya mwisho wa juma ya kilomita 150 au zaidi, anza na tangi lililojaa, uende mwendo wa kilomita 90 hadi 100 kwa saa, na ujaze tena mara unaporudi. Ukipata kilomita 14 kwa lita au karibu yake, gari lako ni zima, na tofauti itakayobaki kati ya namba hiyo na ya siku za kazi ni ya foleni na baridi ya asubuhi, ambayo hakuna fundi atakayeiondoa. Ukipata 11 au chini ya hapo, niandikie tena na unipe namba za ile mashine.